Nani Aliyefunga Mlango wa Nne

Nthenya hakuketi alipoambiwa aketi. Aliweka jarida juu ya meza ya Inspekta Bilha Wariara, akalifungua kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, akaweka kidole chini ya barua ya tatu.

"Huyu ni Baba Mutindi," alisema. "Mume wangu hajafa."

Ilikuwa Jumatano asubuhi, tarehe kumi na saba Januari 1990, na Mwalimu Mutie, mume wa Nthenya, alikuwa na siku sitini tangu aonekane mara ya mwisho. Jumamosi moja ya Novemba, shule zikiwa zimefungwa, aliondoka nyumbani kwake karibu na soko la Kikima akisema anakwenda semina ya walimu Machakos, ya majuma mawili. Jumatatu iliyofuata watu waliiona baiskeli yake kando ya mto Thwake, ambako mtu anayekwenda Machakos hana la kufanya, na mto ulikuwa umefurika. Ofisi ya elimu ilipoulizwa, ilisema hakukuwa na semina yoyote.

Watu wa soko walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba mwalimu aliuawa akatupwa mtoni. Nyuma ya ofisi, katika seli ya pili, alikaa Muthama, fundi cherehani na rafiki mkubwa wa Mutie, aliyekamatwa tarehe nane kwa tuhuma za mauaji. Sheria iliwapa polisi siku kumi na nne. Jumatatu Muthama angefikishwa kortini au angeachiliwa, na mkuu wa kituo, Chifu Inspekta Gicheru, alikuwa ameamua ni kortini.

Bilha alikuwa amehamishiwa kituoni hapo juma lililopita. Alizaliwa Sultan Hamud katika nyumba ya wafanyabiashara waliotoka Murang'a, akakua akicheza na watoto wa Kikamba, na lugha yao aliijua vizuri. Ndiyo maana Nthenya aliwapita askari wote waliokuwa mlangoni akamtafuta yeye. Bilha alilivuta jarida akasoma:

"Wengi wanasema Tarrow alifungiwa na Kamanda. Mimi sikubali. Tumeona wote kwamba kitasa cha Mlango wa Nne hufungwa kwa ndani. Tarrow alijifungia mwenyewe. Alijua kuna kitu amekivuta kifuani mwake, na hakutaka wenzake wapumue hewa moja naye. Katika dakika ya mwisho ya kipindi cha mwisho, taa ya juu ya mlango, ambayo siku zote ni nyekundu, iligeuka kijani. Maana yake anaanza kupona. Waliotengeneza mchezo hawakutuambia, lakini mimi nasema atatoka. Mlinzi, Kikima."

Bilha hakuelewa hata neno moja. Hakuwa na televisheni. Nthenya alimweleza kwamba Mnara wa Zohali ulikuwa mchezo uliokuwa ukionyeshwa kila Alhamisi jioni, juu ya watu kumi na wawili wanaoishi ndani ya mnara huko mbali angani, karibu na sayari ya Zohali. Mmoja wao, fundi wa mitambo aliyeitwa Tarrow, aliingia katika chumba cha Mlango wa Nne na hakuonekana tena. Mchezo ukaisha bila kusema nani aliufunga mlango ule. Pale Kikima watu kama kumi walikuwa wakiutazama pamoja katika hoteli ya Mama Syombua, na kila mmoja alikuwa na jibu lake. Walikuwa wamejipa majina pia. Mlinzi alikuwa Mutie.

Bilha alilipeleka jarida kwa Gicheru. Gicheru alilisoma akiwa amesimama, akalirudisha.

"Inspekta, hii ni barua juu ya sinema."

Bilha alisema ni barua ya mtu anayedaiwa kuwa marehemu. Gicheru akajibu kwamba mtu yeyote anaweza kutumia jina la Mlinzi, na hata kama ni Mutie, angeweza kuiposti kabla ya kuuawa. Hayo yote yalikuwa kweli, na Bilha aliyaandika katika daftari lake, moja chini ya jingine. Kisha alipiga simu Nairobi kwenye ofisi ya jarida. Karani alimwambia bahasha hutupwa siku ileile barua inapofunguliwa.

Alirudi kwenye faili. Ushahidi dhidi ya Muthama ulikuwa sentensi moja. Mama Syombua alikuwa amewaambia polisi kwamba siku mbili kabla Mutie hajatoweka, yeye na Muthama waligombana vikali hotelini mwake, na kwamba alimsikia Muthama akisema: "Mimi najua alikofungiwa, na hatatoka humo akiwa hai." Chini ya maneno hayo konstebo aliyemhoji Muthama alikuwa ameongeza: Mshukiwa anataja mtu wa pili, Tarrow, raia wa kigeni. Anwani haijulikani. Anatafutwa.

Bilha aliisoma sehemu hiyo mara mbili. Akaagiza Muthama aletwe.

Muthama alikuwa mtu mwembamba wa miaka arobaini hivi, na vidole vyake vilikuwa vikikunja na kukunjua pindo la shati. Bilha alimuuliza kama alisema maneno yale.

"Nilisema, madam. Nilikuwa nasema juu ya Tarrow."

"Na uliwaambia hivyo polisi?"

"Niliwaambia. Wakaniuliza Tarrow anaishi lokesheni gani."

Alieleza kwamba ugomvi ule ulikuwa wa kila Alhamisi. Yeye alishikilia kwamba Kamanda wa mnara ndiye aliyemfungia Tarrow ili amuue kwa siri. Mutie alishikilia kwamba Tarrow alijifungia. Siku ile Mutie alikasirika kuliko kawaida, akamwambia Muthama kwamba hajui mtu anaweza kufanya nini kwa ajili ya watu wake, akatoka bila kumaliza chai. Kisha Muthama akasema kitu ambacho hakikuwa katika faili: kwamba alidhani rafiki yake alikuwa karibu kulia.

Hoteli ya Mama Syombua ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mabenchi, na televisheni ndogo ya nyeusi na nyeupe juu ya kabati, ikiendeshwa kwa betri ya gari. Syombua alimkaribisha Bilha kwa chai na mahamri, kisha akayarudia maneno yake kama yalivyoandikwa. Bilha alimuuliza kama alikuwa chumbani wakati wa ugomvi. Alikuwa jikoni. Alisikia jina la aliyefungiwa? Hakulisikia, ila walikuwa wamegombana, na baadaye mwalimu akapotea, na yeye akaunganisha. Syombua hakuwa mwongo. Bilha alipomweleza kwamba maneno yale yalimhusu mtu wa kwenye mchezo, aliweka birika chini taratibu.

"Basi nimemfunga Muthama bure," alisema.

Bilha alimwambia bado hawajafika hapo. Alitaka kujua siku ya kipindi cha mwisho. Syombua alienda ukutani, kwenye kalenda ya mwaka uliopita ambayo hakuwa ameiondoa. Kila Alhamisi ya mchezo ilikuwa na alama ya kalamu, kwa sababu siku hizo aliongeza maziwa. Alama ya mwisho ilikuwa tarehe thelathini Novemba.

Mutie alitoweka tarehe kumi na nane. Mwandishi wa barua alikuwa ameona dakika ya mwisho ya mchezo siku kumi na mbili baadaye.

Hoja moja ya Gicheru ilikuwa imekufa. Ilibaki ile nyingine, kwamba barua haikuandikwa na Mutie. Bilha aliwauliza Syombua na wateja wawili waliokuwa wakila kama kuna mwingine katika kundi lao aliyeamini Tarrow alijifungia. Hakukuwa na mwingine. Syombua mwenyewe alisema ndani ya chumba kile hakukuwa na mtu, na kwamba Tarrow alikuwa pepo tangu kipindi cha kwanza. Ndipo Bilha akauliza jambo lililokuwa likimsumbua tangu asubuhi.

"Ile taa ya mlango. Mwishoni iligeuka rangi gani?"

Walitazamana. Mteja mmoja alisema ilizimika. Mwingine alisema iliongezeka mwanga. Syombua alicheka akasema mambo ya rangi wangeyajua wapi, na televisheni ni ile.

Bilha alitoka akavuka soko hadi kibanda cha Mbuvi, fundi wa redio, aliyekuwa akichaji betri za watu na kupandisha antena zao. Mbuvi alikuwa mwanachama wa kundi pia. Kabla ya kuulizwa alitoa maoni yake: hakuna aliyeufunga mlango, ni fyuzi iliungua, na kama wangempeleka yeye kule Zohali kazi ingechukua nusu saa. Bilha alimuuliza ni nani aliyekuwa na televisheni ya rangi kutoka barabara ya Mombasa mpaka Kitui. Mbuvi aliweka bisibisi chini akafikiri. Alizowahi kuzigusa zilikuwa tatu tu. Moja katika baa ya Sultan Hamud, moja kwa mama mmoja tajiri huko Kilungu, na moja katika hospitali ya misheni upande wa Kitui, ambako daktari mgeni aliwaachia wagonjwa alipokuwa anarudi kwao.

Ya Sultan Hamud Bilha aliifuta palepale. Iliibwa Oktoba, na taarifa ya wizi aliiandika yeye mwenyewe alipokuwa kituo cha huko.

Alhamisi asubuhi alikwenda Kilungu. Nyumba ilikuwa juu ya kilima, katikati ya miti ya parachichi na plamu, na dereva wake alilazimika kuliacha gari la polisi chini akapanda naye kwa miguu. Mwenye nyumba, Wanjiro, alikuwa mjane wa mfanyabiashara, mama wa kanisa, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. Televisheni ilikuwa sebuleni, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Bilha alikuwa na matumaini makubwa na nyumba ile, kwa sababu ilikuwa na chumba cha uani ambacho Wanjiro aliwapangisha walimu. Lakini chumba kilikuwa kitupu tangu Agosti. Na jioni ya tarehe thelathini Novemba, Wanjiro alisema, akina mama ishirini wa kanisa walikuwa wamejaa sebuleni kwa maombi, na hakuna aliyethubutu kukiondoa kitambaa kile. Alionyesha daftari la maombi lenye tarehe na majina. Bilha alimshukuru, akashuka kilima.

Mchana huohuo alipiga simu hospitali ya misheni. Muuguzi mkuu, aliyejitambulisha kama Mbula, alisema hawana mgonjwa anayeitwa Mutie wa Kikima. Bilha alipouliza juu ya wagonjwa wengine, Mbula alimwambia kwa upole kwamba habari za wagonjwa hazitolewi kwa simu, hata kwa polisi.

Gicheru alisikia habari hizo akasema basi ni kortini Jumatatu.

Bilha hakubishana. Alitoa kwenye faili maelezo ya mkulima mmoja aliyeiona baiskeli kando ya Thwake. Konstebo alikuwa ameyaandika kwa haraka, lakini neno moja lilikuwepo: baiskeli ilikuwa imefungwa kwenye mti kwa ukanda wa mpira, mafundo mawili. Muuaji angeitupa mtoni pamoja na Mutie. Aliyeifunga hivyo alitaka kuikuta akirudi. Mto ulipojaa, watu walikuwa wakivuka kwa daraja la kamba, ambalo baiskeli haikupita, na ng'ambo ya daraja kulikuwa na malori ya kuelekea Kitui.

Alimtuma dereva kwenda kumleta Nthenya. Safari hii alifunga mlango wa ofisi wasisikike na mtu, akammiminia chai.

"Mama Mutindi, kabla hajaondoka, ni nini kilibadilika nyumbani? Hata kama ni kitu cha aibu."

Nthenya alisukuma kikombe kando. Kisha alisema kwamba tangu Septemba mume wake aliacha kulala chumbani. Alilala jikoni, kwenye mkeka. Alijinunulia kikombe chake na sahani yake, na alivificha. Mtoto mdogo akimkimbilia, alimsukuma kwa mkono. Nthenya alidhani amepata mwanamke mwingine. Hakuwaambia polisi kwa sababu hakutaka soko zima lijue ameachwa.

Bilha alimuuliza kama alikuwa akikohoa.

Alikuwa akikohoa tangu Julai. Alisema ni vumbi la chaki. Na mwezi huohuo wa Septemba, jirani yao mmoja alikufa akiwa amekonda na anakohoa, na watu wakasema ni ule ugonjwa mpya. Walichoma godoro lake. Hakuna aliyekunywa maji katika nyumba ile tena, na watoto wake waliachwa wacheze peke yao. Mutie alikuwa ameliona hilo kila siku akipita kwenda shule.

Bilha aligeuza jarida, akamwonyesha mstari wa katikati ya barua. Nthenya alikuwa ameisoma mara nyingi, lakini alikuwa akilitafuta jina la mume wake ndani yake, si kifua chake. Sasa aliisoma polepole, midomo ikicheza, na alipofika kwenye neno hewa alifunika uso kwa leso.

Ijumaa waliondoka mapema. Bilha aliandika katika daftari la kituo kwamba anakwenda kuthibitisha ushahidi, na akamchukua Nthenya kama shahidi wa utambuzi. Walivuka mto Athi, ambao maji yake yalikuwa yamepungua, wakapita mji wa Kitui, na saa nne na nusu walikuwa mbele ya hospitali, majengo manne ya mawe yenye mabati mekundu.

Muuguzi Mbula aliisoma hati ya Bilha mwanzo hadi mwisho. Alirudia kwamba hana Mutie wa Kikima. Bilha alimwambia hamtafuti kwa jina. Anamtafuta mwalimu aliyekuja peke yake karibu na tarehe kumi na nane Novemba, mwenye kifua kikuu, ambaye hakuna mtu aliyewahi kuja kumwona. Akaongeza kwamba mtu mwingine yuko seli kwa sababu ya kutoonekana kwake.

Mbula alifunga kitabu alichokuwa akiandika. Alisema yupo Josiah Ndolo, wa Kalamba.

Nthenya alisema Josiah ni jina la ubatizo la mume wake, na Ndolo ni jina la baba yake.

Walimkuta nje ya wodi ya kifua, kwenye benchi kivulini, akimwandikia mzee mmoja barua ya kwenda kwa mwanawe. Alikuwa mnene kuliko alivyoonekana kwenye picha ya faili. Aliinua macho akamwona mke wake, na kalamu ikamwanguka. Aliinuka akarudi nyuma hatua tatu, mkono mdomoni.

"Usikaribie," alisema.

"Mwambie, Sista," Nthenya alimwambia Mbula, bila kumwondolea mume wake macho.

Mbula alimwambia Mutie yale aliyokuwa amemwambia siku iliyotangulia na ile kabla yake: makohozi yake yalipimwa mara mbili yakawa safi, amebakiza sindano mbili kati ya sitini, na baada ya hapo ni vidonge vya kumeza nyumbani. Hamwambukizi mtu tena. Nthenya alivuka zile hatua tatu. Hakumkumbatia. Alimshika ukosi wa shati la hospitali kwa mikono miwili, akamshikilia hivyo.

"Siku sitini nimewaambia watoto uko semina," alisema. "Mpaka nikaishiwa na mambo mnayosoma huko."

Bilha alichukua maelezo yake palepale kwenye benchi. Mutie alisema alidhani angepewa dawa za majuma mawili arudi, na hakuna ambaye angejua. Alipoambiwa ni miezi miwili ya kulala wodini, alianza kumwandikia mke wake. Aliandika barua tano, akazichana zote, kwa sababu barua ikifika posta ya Kikima ikiwa na muhuri wa hospitali, kesho yake nyumba yake ingekuwa kama ya yule jirani. Baada ya kipindi cha mwisho aliandika ile ya jarida na kuiposti, kwa kuwa hiyo aliweza kuimalizia. Baiskeli aliifunga mwenyewe kabla ya kuvuka daraja, na hakujua kwamba imeonekana wala kwamba polisi wameingia. Bilha alipomweleza kuhusu Muthama, Mutie aliomba aende sasa hivi, hata akiwa katika nguo za hospitali.

Mbula alikataa, kwa sababu ya zile sindano mbili. Lakini ofisi yake ilikuwa na simu. Ilichukua dakika arobaini kumpata Gicheru.

"Una uhakika ni yeye?" Gicheru aliuliza.

"Niko naye hapa, mkuu. Anakunywa uji."

Ilisikika sauti ya kiti kikisukumwa. Gicheru alisema andiko la kumwachilia mshukiwa litakuwa tayari kabla ya saa saba. Bilha alimwomba amlete kwanza Muthama kwenye simu, akampa Mutie mkono wa simu, akasogea kando hatua chache. Hata hivyo chumba kilikuwa kidogo. Alimsikia Mutie akianza kuomba msamaha, akikwama, akianza upya. Alisikia pia sauti ya Muthama, nyembamba, ikitoka mbali.

"Mutie, acha. Utaniambia hayo ukifika nyumbani. Simu ya serikali si ya kulilia."

Mutie aliweka simu chini akacheka, na kicheko hakikumletea kikohozi. Nthenya aliligundua hilo. Bilha alimwona akisubiri kikohozi, na hakikuja.

Kabla ya kuondoka, Mbula alisema watu wote wa nyumba hiyo lazima wapimwe, mama na watoto, na kwamba wakikutwa na chochote mapema dawa zipo. Alisema hivyo kwa kusitasita, kama mtu aliyezoea kuona familia zikigeuza uso. Nthenya aliuliza kliniki hufunguliwa siku gani. Ni Jumanne na Alhamisi. Aliuliza saa ngapi. Saa mbili.

"Jumanne nitawaleta watoto wote watatu," alisema. "Na tutapita katikati ya soko la Kikima, tukiulizwa tunakwenda wapi, nitasema."

Kisha aliuliza ni chakula gani hospitali haiwapi wagonjwa. Mbula alitaja mayai. Nthenya alimwomba Inspekta Bilha amsubiri kidogo, akachukua kikapu kwenye gari, akaenda kuyatafuta.